Picha ya msitu kwa sebule ya Tanga

Ndugu yangu Salma,

Salamu nyingi, na wazee wasalimie. Nakala unayotaka kununua ya "Asubuhi katika Msitu wa Misonobari" ya mchoraji Mrusi Ivan Shishkin ni chaguo zuri, ila usilipe bado.

Picha yenyewe, ya mwaka 1889, ipo Moscow katika makumbusho ya Tretyakov. Kimo chake ni sm 139, upana sm 213. Fremu za dukani nyingi ni sm 50 kwa 70, na msitu huo haukai humo: kimo kikiwa sm 50, upana unatakiwa sm 76.6. Muuzaji akikubali 50 kwa 70 bila kusita, ama atakukatia zaidi ya sm 3 kila ubavu, ama ataibana misonobari mpaka ikonde. Chapisha kwa vipimo vyake, fremu itafuata. Na dubu uwahesabu, ni wanne, japo Warusi wengi huiita picha ya dubu watatu. (Dubu hao walichorwa na Savitsky, mchoraji mwenzake Shishkin, na Tretyakov aliyeinunua picha akafuta saini ya Savitsky!)

Muulize muuzaji faili la picha lina pikseli ngapi kwa upana. 9,000 ni safi, 6,000 inapita, 3,000 achana nayo. Faili dhaifu huumbuka kwenye ukungu ule wa nyuma, unatoka michirizi kama ngazi. Giza la chini nalo huwa doa moja jeusi, hasa kwenye karatasi isiyong'aa. Mwombe akuchapie kwanza kipande cha sm 10 kwa 15 cha sehemu yenye giza zaidi, kwa karatasi ileile, ukitazame dirishani mchana. Usipoona kijani na kahawia ndani ya giza, kataa. Wino uwe wa pigmenti (chembe za rangi, si rangi iliyoyeyushwa), karatasi ya pamba, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba.

Kwa fundi fremu, kumbuka unyevu wa Tanga. Kioo kikigusa karatasi, wino hunata na kuvu huingia. Kinachovitenganisha ni kadi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha la sm 49 kwa 75.6 ili ilalie picha nusu sentimita kila upande. Ukingo wa kadi uwe sm 6 juu na ubavuni, sm 7 chini. Kwa hiyo ndani ya fremu ni sm 62 kwa 87.6. Akianza kukutajia inchi, mrudishe kwenye sentimita.

Karatasi ishikwe juu tu, sehemu mbili, kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Mafundi hupenda kubandika selotepu pande zote nne. Mvua za masika zikija karatasi inatanuka, haina pa kwenda, inafanya mawimbi. Nyuma, pembe za chini, gundisha vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite ukutani. Usiitundike linapopiga jua la jioni.

Kipande cha majaribio kikitoka, nipigie picha unitumie kabla hujatoa hela.

Wako,
Mwanaidi