Mboga za Sabaki ziingie kwanza chekechea na hospitalini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na serikali ya Kaunti ya Kilifi, na pia na wakazi wenzangu wa Malindi. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni asilimia 18. Hakuna kaunti iliyokuwa na hali mbaya kushinda yetu. Mtoto aliyedumaa hapungukiwi kimo tu. Hata akili yake hukosa kukua inavyostahili, na akishapita miaka miwili ya kwanza ni vigumu mno kuyarudisha yaliyopotea. Nikiikumbuka hesabu hiyo huku naona mchicha ukitupwa ukingoni mwa mto Sabaki kwa kukosa mnunuzi, moyo huniuma.

Mimi ni mwanachama wa kikundi kidogo cha akina mama na vijana hapa mjini. Alfajiri tunanunua mboga upande wa Kakuyuni na Goshi, kwa wakulima wanaomwagilia kwa maji ya mto: mchicha, kunde, mnavu, bamia, biringanya, nyanya, mapapai. Tunapima kwa mizani mkulima mwenyewe akiangalia, analipwa kwa simu hapo hapo, kisha mboga zinapangwa kwenye kreti, hazishindiliwi guniani. Asubuhi mapema tuktuk iko katika mitaa ya Malindi: Maweni, Kisumu Ndogo au Muyeye. Faida haiingii mfukoni mwa mtu mmoja. Hununua kreti nyingine, hulipa vijana wanaobeba na kuuza, na inayobaki huwarudia wakulima kwa njia ya mbegu. Hiyo ndiyo biashara ya kijamii. Tunauza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, lakini hatugawi bure, maana mboga ya bure humwangusha mkulima na mama mboga kwa pamoja. Na huyo mama mboga mwenye meza yake mtaani ndiye mteja wetu wa kwanza. Tunamuuzia kwa jumla mlangoni pake, anaokoa nauli ya kwenda sokoni, wala hatusimamishi tuktuk mbele ya meza yake.

Kinachotusumbua ni kwamba mboga haingoji. Mchicha uliochumwa alfajiri, adhuhuri umeshalegea, jioni hauuziki. Wapo waliotushauri tujenge kibanda cha makaa, kile ambacho kuta zake hulowanishwa maji ili upepo ukipita upoze vilivyomo. Ukambani kinafaa sana kwa sababu hewa yake ni kavu. Hapa pwani hewa imejaa unyevu wa bahari, maji hayakauki upesi, na ubaridi unaopatikana ni mdogo. Cha kutufaa ni chumba baridi cha umeme wa jua. Lakini nenda ukaombe mkopo wa chumba hicho: swali la kwanza ni nani amekuahidi kununua, kiasi gani, kwa muda gani. Watu wa mtaani hawawezi kuandika ahadi kama hiyo. Anayeishi kwa kibarua hununua leo akipata, kesho akikosa hanunui, na halaumiki.

Anayeweza kuahidi ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kilimo, limeipa huduma za afya, tena limeipa elimu ya chekechea. Mkulima wa Kakuyuni, mgonjwa aliyelazwa hospitalini Malindi na mtoto wa chekechea wa Ganda wote wanahudumiwa kwa bajeti moja. Na Kifungu cha 43 kinampa kila mmoja wao haki ya kutokaa na njaa na kupata chakula cha kutosha, chenye ubora unaokubalika. Ninachoomba ni kimoja: kila mara kaunti inapolipia chakula cha watoto wa chekechea na wagonjwa waliolazwa, mboga na matunda yanunuliwe kwanza kwa vikundi vinavyokusanya mazao ya hapa hapa.

Hatuombi upendeleo ulio nje ya sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 20 kwa wakazi wake. Kinachotufungia mlango ni namna zabuni zinavyoweza kuandikwa. Zabuni ikiwa moja ya mwaka mzima, ndani yake mna mchele, unga, mafuta, nyama na mboga, mwenye maghala na malori ndiye atakayeipata, naye atanunua kabichi mahali popote ilipo rahisi. Zabuni ya mboga na matunda itengwe peke yake, tena igawanywe kwa wodi za kaunti, ili kikundi cha Jilore kiweze kulisha chekechea za Jilore. Malipo nayo yatoke ndani ya siku 30. Kaunti nyingi nchini zina malimbikizo ya madeni ya wazabuni. Tajiri anaweza kuvumilia, lakini kikundi kinachonunua mchicha kwa fedha taslimu kikicheleweshewa miezi mitatu kimekwisha.

Nimesikia watu wakisema wakulima wadogo hawawezi kutimiza oda. Nawaomba wafike Gede. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua vifuko vya vipepeo, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kugeuka kipepeo, kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuviuza nje, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Hiyo nayo ni bidhaa isiyongoja: siku chache tu kipepeo ametoka na kifuko hakina tena thamani. Hata hivyo watu wa vijijini, wengi wao wasiokuwa na elimu kubwa, wameifanya kazi hiyo miaka yote hii, na msitu umepata majirani wenye sababu ya kuulinda. Mkulima anayeweza kufuga kipepeo hadi kifuko kifike ng'ambo salama hawezi kushindwa na fungu la kunde la kufika Malindi mjini.

Maembe ni habari ndefu, nami nitaigusa kidogo tu. Mkulima mwenye shida huuza mti mzima kwa mabroka ungali na maua, na msimu ukishamiri bei huanguka hadi mengine yanaoza chini ya mti. Nzi wa matunda aliyeonekana nchini mwaka 2003, akianzia huku kwetu pwani, aliharibu zaidi. Kuanzia 2014 hadi 2021 Kenya haikupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu yake. Shule hufungwa Desemba maembe yakiwa tele. Hospitali haifungwi. Na Januari watoto wakirudi, maembe yangali yapo mtini.

Sitaki msomaji adhani naona upande mmoja tu. Viazi vya mbatata, kabichi na karoti vitaendelea kutoka bara, kwa kuwa joto letu haliviruhusu, na hakuna haja ya kujilazimisha. Sabaki ikifurika, kama ilivyofanya mwaka 2018, mashamba ya ukingoni huzama, na mkataba wowote ni lazima uwe na nafasi ya miezi ya namna hiyo. Tena kuna jambo ambalo sisi wenyewe wa vikundi tunapaswa kulisimamia bila huruma: dawa za kuua wadudu. Wapo wanaopuliza dawa leo na kuvuna kesho, kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Mboga hiyo haifai kuingia kinywani mwa mtoto. Kaunti itutumie maafisa wa kilimo wa kukagua, na anayekiuka aondolewe kwenye orodha ya wauzaji, hata kama ni mwanachama wetu.

Wala sisemi mchicha peke yake utamaliza kudumaa. Maji machafu na kuhara kusikokwisha humnyima mtoto kile alichokula, na lishe ya mama mjamzito huanza kazi kabla mtoto hajazaliwa. Lakini uji mtupu kila siku haumtoshi mtoto. Mchicha na majani ya kunde vina madini ya chuma na vitamini A, na mafuta yaliyomo katika tui husaidia mwili kuichukua hiyo vitamini. Mchicha wa nazi ambao bibi zetu wamepika siku zote ni chakula kamili kuliko tunavyokithamini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima. Ni familia ngapi za Maweni zinazofikia hata nusu yake?

Sheria ya fedha za umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi wasikizwe. Mikutano hiyo mara nyingi tunawaachia wachache. Safari hii naomba wakazi wa Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shela tuhudhurie, na kila wodi iulize maswali mawili, majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: mwaka ujao kaunti itanunua mboga na matunda ya shilingi ngapi kwa ajili ya chekechea na hospitali zetu, na kati ya fedha hizo ni ngapi zitakazomfikia mkulima wa Sabaki?

Mwanachama wa kikundi cha wauza mboga,
Muyeye, Malindi