Kung'aa pekee si kipimo

Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu vichunguzi vya fluoresensi (rangi zinazowaka zikimenyuka na kitu kinachotafutwa) vya molekuli zenye salfa imeeleza vizuri jinsi seli zinavyowaka kijani chini ya hadubini. Imeliacha swali moja: huo mwanga unapima nini hasa?

Sisteini, homosisteini na glutathioni zote zina kundi la thioli (salfa iliyoungana na hidrojeni), kwa hiyo kichunguzi chenye mtego wa maleimidi, kemikali inayojifunga na thioli, huzidaka zote bila kubagua. Ndani ya seli glutathioni hufikia milimola 1 hadi 10 kwa lita, ilhali sisteini haizidi sana mikromola 200. Anayeitafuta sisteini kwa maleimidi anaiona glutathioni.

Njia iliyoonyeshwa na kundi la mwanakemia Robert Strongin mwaka 2011 ina akili zaidi. Akrilati, mtego mwingine wa thioli, hubandikwa kwenye oksijeni ya rangi, na mwanga huzimika. Thioli ikishajiunga na akrilati, amini (kundi la nitrojeni) ya sisteini huigeukia esta, yaani kiungo kati ya akrilati na rangi, pete ya atomu saba hufungika na rangi huachiliwa. Homosisteini inalazimika kufunga pete ya atomu nane, kwa hiyo huchelewa. Glutathioni, ambayo amini yake iko mbali, hukwama hatua ya kwanza. Lakini tahadhari: kukwama huko nako hula kichunguzi! Haiwaki, ila akrilati imeshatumika, na sisteini inabaki na mabaki.

Hapo ndipo tatizo kubwa lilipo. Tia kichunguzi cha mikromola 10 kwenye seli yenye glutathioni ya milimola 5. Imekizidi mara 500. Kama mmenyuko haurudi nyuma, kichunguzi chote kitaisha hata glutathioni ikipungua kwa nusu, na mwanga wa mwisho utaonyesha tu ni kiasi gani cha kichunguzi kiliingia. Kufuatilia kupanda na kushuka kunahitaji kichunguzi kinachoshika na kuachia, kama kile kilichotangazwa na kundi la Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 2017.

Kwa walio maabara: someni lebo ya chupa. Kupata mililita 10 za milimola 10, sisteini tupu ni miligramu 12.1, lakini chumvi yake ya hidrokloridi yenye molekuli moja ya maji ni miligramu 17.6. Hidrokloridi hiyo ni asidi, na glutathioni pia; rekebisheni pH hadi 7.4 kabla ya kuongeza, la sivyo rangi za jamii ya fluoresini hufifia na lawama huangukia kichunguzi. Tengenezeni mchanganyiko siku ileile, kwa sababu hewa huigeuza sisteini kuwa sistini. DTT, kemikali ya kuzuia oksidishaji, isikaribie bufa (myeyusho unaotunza pH). Nayo ni thioli. DMSO, kiyeyushi cha kichunguzi, isizidi asilimia 1.

Na jaribio la ulinganisho halikwepeki. Zibeni thioli za seli kwa N-ethilimaleimidi (maleimidi isiyowaka) ya milimola 1 kwa dakika 30, osheni, kisha wekeni kichunguzi. Seli zikiendelea kuwaka, huenda esterasi, vimeng'enya vinavyovunja esta, ndizo zinazokata akrilati, bila thioli yoyote kuhusika.

Mkichapa tena picha ya seli za kijani, tunaomba muweke kando yake picha ya seli zilizozibwa.

Wasomaji wenu,
walimu wa kemia