Turbo ya dizeli ichaguliwe kwa hesabu ya hewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kosa lililonigharimu pistoni, ambalo naona wenye magari ya dizeli yaliyoongezewa nguvu bado wanalirudia: kuchagua turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa) kwa ukubwa wake, au kwa presha inayosomeka kwenye geji, bila kujua injini yenyewe inahitaji hewa kiasi gani.

Injini yangu ni ya lita 2.5. Baada ya kufungiwa nozeli za kupulizia dizeli zenye matundu makubwa zaidi, nilishauriwa niweke turbo kubwa, nami nikakubali kwa kuwa ilinipendeza machoni. Chini ya mizunguko 2,800 kwa dakika gari lilikuwa zito, na kila nilipokanyaga mafuta kupanda mlima lilitoa moshi mweusi, kwa sababu dizeli iliingia kwa wingi hali hewa haijafika. Siku fundi mwingine alipofungua silinda hedi, alinionyesha ukingo wa pistoni ya tatu ulioyeyuka ukawa kama nta ya mshumaa iliyochuruzika, kisha akaniuliza: "Mzee, injini hii inataka hewa kilo ngapi kwa dakika?" Sikuwa na jibu, na waliofunga ile turbo hawakuwa wameniuliza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, hivyo lita 2.5 kwenye mizunguko 4,000 zingepitisha mita za ujazo 5 kwa dakika; tukichukulia kwamba silinda hujaa kwa asilimia 90, tunabaki na 4.5. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina uzito wa kama kilo 1.2, lakini hewa hiyo ikishindiliwa hadi geji isome bar 1.4 juu ya presha ya hewa ya nje, kisha intakula ikaipoza hadi nyuzi 50 za Selsiasi, uzito hufika karibu kilo 2.6, na injini hupata kilo 11.7 hivi kila dakika. Ili dizeli iungue bila moshi mwingi, ni salama kuipa hewa yenye uzito wa mara 20 ya mafuta. Kwa kiwango hicho injini yangu inaweza kuchoma kama gramu 580 za dizeli kwa dakika na kutoa takriban kilowati 150, na turbo inayonifaa ni ile inayopitisha kilo hizo 11.7 bila kuhemewa.

Geji peke yake haiwezi kumweleza mtu hayo. Turbo ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake huipasha hewa moto sana, na bar 1.4 za hewa yenye nyuzi 120 huwa na hewa pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko bar zilezile zikiwa na nyuzi 50. Mshale unasimama palepale, lakini silinda zina njaa.

Ndiyo maana watengenezaji wa turbo hutoa chati ya kompresa, yaani sehemu ya turbo inayoshindilia hewa; chati hiyo huonyesha kwa kila kiwango cha presha ni hewa kiasi gani inaweza kupita, na nawasihi wasomaji wasinunue turbo kabla ya kuiona. Mtu aweke juu yake alama ya nguvu kamili, halafu aweke na ya mizunguko 1,800, ambayo wengi huisahau ingawa ndiko gari la barabarani linakoshinda siku nzima. Alama hiyo ya pili ikiangukia kushoto kwa mstari wa mwisho wa upande wa kushoto wa chati, hewa itakuwa inarudi nyuma kwa vishindo, na beringi inayoizuia shafti isisogee mbele na nyuma itaumia mapema. Anayeendesha kwenye nyanda za juu azingatie pia kwamba kwenye mita 1,500 presha ya hewa ya nje ni kama bar 0.85 tu, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikisha presha ileile.

Upande wa ekzosi nao una hesabu yake. Ganda dogo la turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na moshi wa ekzosi, huamsha turbo mapema lakini huibana injini kwenye mizunguko ya juu. Kubwa hufanya kinyume chake. Kwa gari la kila siku naona turbo yenye mapezi yanayojirekebisha ni bora kuliko zote mbili, mradi chombo kinachoyaongoza kirekebishwe vizuri. Hiyo ndiyo niliyonayo sasa. Inaamka kwenye mizunguko 1,700, na kipimajoto nilichofunga kabla ya turbini hakijavuka nyuzi 700 hata mlimani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa magari, kila unapoisifu turbo fulani, utaje kilo za hewa inazopitisha na presha inayozipitishia, pamoja na ukubwa wa injini iliyojaribiwa nayo.

Wako,
Msomaji mwenye gari la dizeli