Mistari Sita kwa Hela Yote Hii?

Kazi yetu ni kuandika maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Wiki iliyopita mteja alitushutumu kwamba tumemwibia. Alilipa, akapokea kurasa 14 za maombi, na dai la kwanza, yaani sentensi inayosema hasa kinacholindwa, lina mistari 6. Si wa kwanza kulalamika hivyo.

Kutoa protini kwenye soya au njegere kwa alkali, kisha kushusha pH (kipimo cha ukali wa asidi) hadi karibu 4.5 ili igande na kuzama, ni jambo la zamani. Mkaguzi wa hataza yeyote atakurudishia. Kwa hiyo swali letu la kwanza huwa: hapo chako ni kipi? Cha mteja huyu kilikuwa namna anavyoosha mashapo, angalau mara mbili, kwa maji baridi yenye chumvi kidogo, hadi ladha ya majani mabichi inatoka. Siku 4 tulipekua hataza za watu, ndipo tukaanza kuandika.

Wengi hukwepa gharama kwa kunakili daftari la maabara. Mmoja alijiandikia dai la hatua 9: pH 9.0, nyuzi joto 50, dakika 30, mpaka ukubwa wa matundu ya chujio. Mshindani wake akaacha kuchuja, akauza kwa raha zake. Asiyefanya hatua zote za dai kwa kawaida hajaingilia hataza. Alipotujia ilikuwa imeshatolewa, na Ulaya dai likishafika hapo hubanwa tu, halipanuliwi.

Mwingine alibandika hatua zake zote kwenye bango la maonyesho ya biashara huku akisubiri hela itimie. Marekani humvumilia mvumbuzi mwaka 1 tangu aanike uvumbuzi wake. Ulaya, kilichoanikwa kabla ya maombi si kipya tena, na bango lile lilimmaliza. Hela ikiwa haba, wasilisha nchi moja kwanza: Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kwenda nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza.

Na kuna tunaowaambia wasiombe kabisa. Maombi huchapishwa, kwa kawaida baada ya miezi 18, na kama unga wenyewe hauonyeshi ulivyotengenezwa, utamkamataje mwizi? Hapo siri ya kiwanda ni bora, hata kama sisi tunakosa kazi.

Yule wa mistari 6 tulimpa kalamu afute kilichozidi. Akafuta "angalau mara mbili". Bila maneno hayo dai lingegusa hata kuosha mara moja, na hilo limo kwenye hataza ya mtu mwingine; kuipata hataza hiyo kulitula siku 3 kati ya zile 4.