Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wetu na wagonjwa wa kansa ya figo

Manesi wenzangu, habari za kazi. Mambo ya ada mweka hazina ataeleza mwenyewe, mimi mwaka huu nina moja tu nalo ni simu, zile tunazowapigia wagonjwa ambao kansa ya figo imeshasambaa, wiki moja mbili baada ya kuanza vidonge, ambazo wengine mnaona zinakula muda.

Toka sunitinibu, kidonge cha kansa ya figo, ipitishwe kule Marekani 2006 wagonjwa wengi wanameza dawa nyumbani, yaani presha inampandia kwake, mdomo unachubuka kwake, sisi anatufikia kliniki keshajikaza. (Nywele kuwa nyeupe wanacheka tu, hiyo haiumi.) Na wanaficha jamani! Wanaogopa dozi itapunguzwa, wanadhani ndo basi tena. Kuna mmoja nilimuuliza miguu vipi, maana vidonge hivi vinaumiza nyayo pia, akasema salama, nikamwambia hebu vua soksi, kumbe kisigino kimekakamaa na malengelenge pembeni, mzee wa watu anatembelea vidole wiki ya pili hiyo. Mafuta ya yurea angepakwa toka siku ya kwanza, na sisi tungeuliza mapema, asingefika huko.

Sasa wapo wanaochanganyiwa kidonge cha aksitinibu na dripu ya pembrolizumabu, ile inayoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, mchanganyiko uliopitishwa 2019 huo, na hapo ndo kazi ipo. Akisema anaharisha usikimbilie kumwambia anunue dawa ya kufunga tumbo, uliza kwanza anaenda choo mara ngapi zaidi ya kawaida yake, kuna damu, usiku anaamka? Inaweza kuwa kidonge, inaweza kuwa kinga ya mwili imegeukia utumbo, na hiyo ikiwa kali inataka stiroidi, dawa za kutuliza kinga, bila kuchelewa. Aksitinibu inatoka mwilini haraka, kwa hiyo daktari akiisimamisha na siku mbili tatu tumbo halijatulia, mshukuni dripu. Tena madhara ya dripu yanaweza kuibuka miezi baada ya kuacha, msimfute mtu kwenye daftari la simu eti kamaliza.

Daftari lenyewe nimelipitia na sikufurahi, kurasa na kurasa "hana tatizo". Presha ngapi? Choo mara ngapi? Andikeni namba.

Halafu mashine za presha za kuwaazima wagonjwa zilikuwa mbili, moja siioni, aliyenayo airudishe kabla ya Ijumaa.