Wana WordPress Tanga, Jumamosi tunakutana

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa nne asubuhi tupo Chumbageni palepale, kila mtu aje na laptopu yake imejaa chaji maana soketi ni mbili tu, mwenye ekstensheni abebe.

Safari hii tunaingia kwenye kutafsiri. Iko hivi, WordPress ni programu huria ya kutengenezea tovuti tangu 2003, lisensi yake GPL, yaani hata wewe wa Makorora una haki ya kuifungua, kuibadili na kuigawa, ila Kiswahili chake hakitajiandika chenyewe. Ukishafungua akaunti ya wordpress.org unaingia upande wa tafsiri, unaandika sentensi moja moja, ukituma inasubiri mhariri aikubali, kwahiyo usinune kama haionekani siku hiyohiyo. Na jamani msibandike tu tafsiri ya mashine bila kuipitia, itakataliwa na sisi tutaonekana wababaishaji. Ile alama ya %s iacheni ilivyo, hapo ndo panapokaa jina au namba, ukiifuta sentensi inatoka na pengo.

Wasiojua kuandika kodi za kompyuta msijitoe, kumjibu mgeni humu nao ni mchango, tena kusema ukweli ndo unaotupungukia zaidi, mtu anauliza plagini (kile kiongezo cha WordPress) imegoma anajibiwa stika 😂 halafu tunashangaa watu wanalefti.

Wa Muheza nauli tutachangishana, nitumieni majina inboksi kabla ya Alhamisi. Kahawa na kashata zipo.