Barua kwa Mwanangu Kuhusu Watu wa Baba Yake

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Des Moines, huku Marekani. Baba yako na mimi tu wazima, na bibi yako wa Elk Horn anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nimekusudia kukuandikia kwa Kiswahili, tena kwa kirefu, kuhusu insha uliyotusomea kwenye simu, ambamo umesema kwamba asili yako halisi ni Iringa na kwamba upande wa baba yako ni Wazungu wa Iowa tu, watu wasio na mila wala historia ya kusimulia. Nimefurahi kuona unavyoipenda Iringa. Lakini hilo la pili si kweli, nami singependa liandikwe na mtoto wangu, kwa sababu damu hiyo ni yako, na watu hao, Wadenmark waliohamia Iowa, waliteseka kwa ajili ya kile unachosema hawakuwa nacho.

Babu yake babu yako alitoka Schleswig ya Kaskazini, eneo ambalo Denmark ililipoteza katika vita vya mwaka 1864 na ambalo halikurudi mpaka wananchi wake walipopiga kura mwaka 1920. Kijana wa Kidenmark aliyebaki huko alitakiwa kutumikia jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani, jeshi lile lile lililowashinda wazazi wake, na wengi waliona heri wavuke bahari. Wengine, katika Denmark yenyewe, waliondoka kwa kukosa ardhi. Tangu katikati ya karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza walihama watu wapatao 300,000 kutoka nchi ambayo mwaka 1901 haikufikisha watu milioni mbili na nusu, na sehemu kubwa yao walikuja Marekani. Habari za mashamba yao umezisikia tangu utotoni. Ninalotaka ulijue ni jinsi walivyogombana juu ya imani, kwa kuwa hapo ndipo utakapowaona walivyokuwa hasa.

Kule kwao alikuwako mchungaji mmoja, N. F. S. Grundtvig, mtunzi mkubwa wa nyimbo za kanisa, aliyefundisha kwamba mtu huwa mwanadamu kwanza, ndipo awe Mkristo. Kwamba lugha ya mama, nyimbo na historia ya watu wake ni udongo ambamo imani hupandwa. Alishikilia pia kwamba Kanisa liliishi kwa Imani ya Mitume, ile inayokiriwa wakati wa ubatizo, kabla Agano Jipya halijaandikwa. Wapo waliosikia hayo wakatetemeka. Hao ni watu wa Misioni ya Ndani, waliosisitiza Biblia, toba na kuongoka, na waliouona muziki wa dansi na karata kuwa njia ya upotevu. Sisi tuliokulia katika Kanisa lililoguswa na Uamsho tungewatambua mara moja: tungewaita walokole.

Wadenmark wa Marekani waliunda kanisa lao la Kilutheri mwaka 1872, mwaka huohuo aliofariki Grundtvig, na pande zote mbili zikakaa humo kwa taabu. Mwaka 1887 mwanawe, Frederik Lange Grundtvig, aliyekuwa mchungaji huku Iowa katika mji wa Clinton, alianzisha jumuiya ya kulinda urithi wa Kidenmark, akaifungulia mlango kila Mdenmark, awe mwumini au asiwe. Upande wa pili ukauliza: tangu lini taifa limekuwa kifungo cha watu wa Mungu? Chuo cha wachungaji kilifungwa mwaka 1892 kwa sababu walimu wake hawakupatana, na mwaka 1894 kanisa likapasuka. Kufikia mwaka 1896 kila upande ulikuwa na sinodi yake na chuo chake, wafuasi wa Grundtvig Des Moines na watu wa Misioni ya Ndani Blair, Nebraska. Watu waliwaita wale wa kwanza Wadenmark wenye furaha na hawa wa pili Wadenmark watakatifu.

Mpasuko huo ulipita katikati ya ukoo wako. Elk Horn, kwa bibi yako, ilikuja kuwa ngome ya Misioni ya Ndani. Kimballton, alikozaliwa babu yako, iko kilomita chache tu kutoka hapo, nayo ilimfuata Grundtvig. Ninaposikia watu wakisema kwamba waliokuja huku walikuwa wakulima wasiofikiri lolote zaidi ya mahindi na nguruwe, huwa nasikitika, maana wakulima hao walijadili kwa miaka mingi uhusiano wa ubatizo, Biblia na taifa, na wengi waliacha hata kusali pamoja na majirani zao kwa ajili ya jambo hilo. Mimi mwenyewe, ukiniuliza, nawaelewa watu wa Blair katika toba yao, lakini juu ya lugha na nyimbo naamini Grundtvig aliona mbali kuliko wao.

Lugha hiyo nayo iliwatoka. Mei 23, 1918, Marekani ikiwa vitani na Ujerumani, gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo lililoamuru Kiingereza pekee shuleni, kwenye simu, ndani ya treni na katika hotuba zote za hadhara, pamoja na mahubiri. Denmark haikuwamo vitani, na vijana wa Kidenmark walikuwa wakivaa sare za jeshi la Marekani, lakini wazee wao wasiojua Kiingereza waliambiwa waabudu majumbani. Tangazo liliondolewa Desemba mwaka huohuo, ila hofu haikuondoka nalo. Baba yake babu yako, aliyekuwa mtoto wa shule wakati huo, aliendelea kusali kabla ya chakula kwa Kidenmark maisha yake yote, lakini wanawe aliwasemesha Kiingereza. Mwaka 1927 sinodi zote mbili, pamoja na ugomvi wao, zilitoa kitabu kimoja cha nyimbo kwa Kiingereza, na kupitia miungano ya mwaka 1960, 1962 na 1988 zikajikuta tena ndani ya Kanisa moja, hili tunalosali sasa.

Wageni wanaofika Elk Horn huonyeshwa kinu cha upepo na æbleskiver, vile vitumbua vya Kidenmark. Sividharau. Kinu kile kilijengwa Denmark mwaka 1848 na watu wa Elk Horn wakakileta vipande vipande mwaka 1976. Lakini katika mji huohuo, mwaka 1878, ilifunguliwa shule ya kwanza ya wananchi ya Kidenmark katika Marekani, isiyo na mitihani, ya kuimba, kujadiliana na kujifunza historia, kama Grundtvig alivyotaka. Tanzania ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, ilichukua mfano wa shule za namna hiyo za Skandinavia. Mama yako mkubwa alisoma ushonaji katika kimojawapo, kabla sijamfahamu baba yako, kwa hiyo usidhani pande zako mbili zilikutana kwa mara ya kwanza siku ya harusi yetu.

Nakuomba basi, Krismasi hii utangulie kwa bibi yako kabla yetu. Usiku wa tarehe 24 atawashika mikono mzunguke mti mkiimba. Uzirekodi nyimbo hizo, na ile sala ya chakula ambayo ni yeye pekee aliyebaki akiijua yote. Muulize pia baba yake alisema nini kijana wa Kimballton alipokuja kumposa, na walifunga ndoa katika kanisa la nani. Anapenda kuulizwa, ila hupenda aulizwe asubuhi, akiwa na kahawa yake. Na insha usiitume kwanza. Mwombe mwalimu wako akuongezee muda.

Mungu akulinde.

Mama yako